Kichwa cha Saimone

Kisiwani kwao, katika visiwa vya Ha'apai huko Tonga, hapakuwa na kinywa ambacho Kalolaine hakukijua. Alilijua gego bovu la mchungaji, ambalo mchungaji alililalamikia kila Jumatatu na kulisahau kila siku ya karamu. Aliyajua meno ya bandia ya mke wa mwenye duka, ambayo mumewe mwenyewe hakujua kuwa ni ya bandia. Tangu mwenzake Uili ahamie Auckland, yeye ndiye aliyebaki mtabibu wa meno peke yake, na watu waliokutana naye njiani walifumba midomo kwanza ndipo wamsalimie, kama watoto waliofumaniwa na sukari. Kinywa kimoja tu ndicho hakuwahi kukitazama, nacho kililala nyumba moja na yeye. Kilikuwa cha baba yake, Saimone.

Usimcheke. Kinyozi hajinyoi, na Kalolaine alikuwa na sababu nzito kuliko ya kinyozi. Kwao kichwa cha baba hakiguswi na mwanawe. Mtoto hamchani baba nywele, havai kofia yake, hali chakula alichokibakiza baba hata kama njaa inamtoa machozi. Kalolaine alisomea kazi yake ng'ambo, Suva, akarudi na cheti na koleo zake, na jioni ile ile aliporudi alipita mbele ya Saimone ameinama vilevile kama alivyoondoka. Elimu ni elimu, na baba ni baba.

Uili alipokuwapo mambo yalikuwa rahisi. Yeye ndiye aliyemtazama Saimone, akamkwangua ugaga, akamkaripia kuhusu sukari. Uili alipoondoka, Kalolaine aliuliza kwa mbali, macho chini, kama inavyopasa.

"Baba, meno yako hayajambo?"

"Uili aliyamaliza yote kabla ya kuondoka," akajibu Saimone, na mkono ukapita mdomoni kana kwamba anafukuza nzi.

Likaishia hapo. Mtu mmoja angeweza kuona ukweli, lakini huyo mtu alikuwa mama yake Kalolaine, na mama alikwisha kufa. Alipokuwa hai ndiye aliyeondoa sahani ya mumewe. Baada ya kumzika, Saimone aliiondoa mwenyewe na kuwamwagia nguruwe mabaki, na wanawe wakainamisha vichwa kwa adabu wakati anapita nayo. Kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba kila kipande cha mkate alichokiuma kilibaki na damu. Heshima ni nguo nzuri sana, lakini ukimfunika nayo mgonjwa gubigubi hutajua kama bado anapumua.

Moyo wa Saimone ulikuwa na kasoro tangu utotoni, na kijiji kizima kilijua. Alipokuwa mvulana koo lilimuuma, likaachwa lipone lenyewe, likafuatiwa na homa ya viungo, na homa ile ikamwachia kovu kwenye kilango kimoja cha moyo. Aliishi nalo. Alilima viazi vikuu, akaongoza kwaya ya kanisa kwa fimbo na kwa matusi ya upendo, na akipanda kilima alisimama katikati akijifanya anatazama bahari. Mwaka huo ikamjia homa isiyokwisha. Usiku alitota jasho, mchana alikuwa na baridi. Akasema ni mafua. Akasema tena ni mafua. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Saimone aliumbuliwa mapema kidogo, mbele ya kwaya yake, akiwa anawafokea sauti ya pili. Fimbo ilianguka kwanza, kisha yeye.

Hospitali yao ni ndogo na ina daktari mmoja, mwanamke wa Tonga kama wao, jina lake Siale. Baada ya kumtundikia Saimone dripu na kupata majibu ya damu yake kutoka mji mkuu, alimwita Kalolaine kwenye baraza.

"Kaa chini, Kalo."

"Nikikaa utaniambia kitu kibaya."

"Hata ukisimama nitakwambia. Kaa."

Kalolaine akakaa.

"Mdudu tuliyempata kwenye damu ya mzee si wa kifua. Ni wa mdomoni. Wewe unawajua hao kuliko mimi. Wameingia kwenye damu, wakakuta lile kovu kwenye kilango cha moyo, wakajenga kijiji. Sasa kilango kimeliwa, hakifungi tena."

"Mdomoni," alisema Kalolaine.

"Nimemmulika na tochi. Fizi zimevimba zote, ukizibonyeza zinatoa usaha. Yapo meno yanayocheza. Hiyo si ya mwezi huu wala mwaka huu." Siale akamtazama. "Hukuwahi kumtazama?"

"Mimi? Nimtazame baba mdomoni?"

Daktari aliinamisha macho. Naye alikuwa na baba.

Kalolaine alihisi mwili mzima unawaka aibu. Alikuwa akizunguka shule hadi shule akiwaimbia watoto kwamba fizi inayotoka damu ni mlango ulioachwa wazi, kwamba kila ukitafuna wadudu wanapenya kuingia kwenye damu, na mwenye moyo mbovu ajihadhari mara mbili. Watoto wa chekechea waliujua wimbo ule. Baba yake mwenyewe alikuwa akila meza moja naye, mlango wazi.

"Atapona?" akauliza.

"Dawa itawaua wadudu. Kilango ndicho hakitapona, lazima kibadilishwe. Kuna timu ya wapasuaji wa moyo inakuja mji mkuu kutoka ng'ambo, baada ya wiki tatu. Nimewaomba, wamekubali kumchukua. Ila wana sharti moja: mdomo uwe safi na fizi ziwe zimepona. Hawaweki kilango kipya ndani ya mtu mwenye usaha mdomoni, maana wadudu wale wale watakivamia na hicho kipya. Yale meno mabovu yang'olewe wiki hii, na hayo mengine yasafishwe mpaka chini ya fizi."

"Na daktari wa meno kutoka mji mkuu? Si alikuwa anakuja?"

"Amevunjika mkono. Raga."

"Raga! Ana miaka hamsini!"

"Ndiyo maana umevunjika. Na msaidizi wake yuko ng'ambo. Na mzee simpandishi ndege na homa hii, atafia hewani." Siale akainama mbele. "Mimi maisha yangu yote nimeng'oa meno mawili, Kalo, na moja halikuwa lenyewe. Ni wewe tu."

* * *

Kalolaine alijikaza akaingia wodini. Alikaa sakafuni karibu na kitanda, kichwa chake kikiwa chini ya cha baba yake, akamweleza yote. Alieleza vizuri, kwa sauti ndogo. Saimone alikuwa ameegemezwa mito mingi kwa sababu akilala chali alikosa pumzi. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hapana," akasema.

"Baba, nisamehe. Najua si adabu. Lakini hakuna mwingine."

"Waambie hao wapasuaji wanipasue hivi hivi."

"Hawakubali."

"Basi. Nimeimba vya kutosha."

"Baba, utakufa."

"Wewe usinishike kichwa, Kalolaine. Umenisikia? Hata nikifa, waniandae watu wengine."

Akageukia ukutani. Kalolaine alitoka ameinama kama kawaida, akafika nje ya lango la hospitali, akaupiga teke mnazi wa watu. Alikuwa amekasirika kuliko alivyowahi kukasirika na mtu yeyote, na hakukuwa na mahali pa kuiweka ile hasira, maana baba hakasirikiwi. Mumewe Loni alimkuta hapo amekaa, ameshika kidole cha mguu.

"Amekataa," akasema Kalolaine. "Anaona bora afe kuliko mimi nikose adabu."

"Kuna mtu mmoja tu hapa kisiwani anayeweza kumwambia Saimone kitu na Saimone akajibu ndiyo," akasema Loni. "Unamjua."

"Yule hawezi hata kuingia chumba alichomo baba."

"Sikusema aingie. Nimesema amwambie."

* * *

Shangazi Fatai alikuwa dada mkubwa wa Saimone, na Waswahili mnaojua uzito wa shangazi mzidishe mara tatu ndipo mmfikie. Huko kwao dada ni mkubwa kwa kaka hata kama kaka ni askofu. Karamu ikifanywa nyumbani kwa Saimone, mkeka bora ni wa Fatai, nguruwe mkubwa ni wa Fatai, na watoto wote wa Saimone majina aliwapa Fatai bila kumuuliza mtu. Lakini ukubwa huo una bei yake. Kaka na dada wakishabalehe hawakai tena chumba kimoja, wala hawataji mbele ya mwenzake mambo ya mwili. Tangu wavunje ungo na kuota ndevu, Fatai na Saimone walikuwa wakitumiana salamu kwa watoto, na kanisani mmoja alikaa kulia na mwingine kushoto.

Kalolaine alimkuta anasuka mkeka, akaweka mbele yake viazi vikuu na kifurushi cha majani ya magimbi yaliyopikwa kwa nyama na tui. Fatai alikinusa kifurushi kabla ya kumtazama mpwa wake.

"Umetia tui la kopo."

"Samahani, shangazi. Nilikuwa na haraka."

"Mwenye haraka ana shida. Sema."

Kalolaine akasema. Alipofika kwenye neno kinywa, Fatai alifumba macho kwa aibu, lakini hakumkatiza. Kalolaine alimaliza kwa kusema kwamba baba anaweka heshima mbele ya uhai wake, na yeye hajui la kufanya.

"Heshima!" Fatai akacheka bila furaha. "Heshima ilimzuia lini Saimone? Aliiba nguruwe wa mchungaji akamwoka nyuma ya kanisa. Mtoto wangu, baba yako hakatai kwa heshima. Anakataa kwa woga."

"Woga wa koleo?"

"Woga juu yako." Aliacha kusuka. "Siku ya mazishi ya mama yako, unakumbuka alipoanguka?"

Kalolaine alikumbuka. Pale kaburini baba yake alilegea ghafla, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Alimdaka, akamlaza, akakipakata kichwa chake mapajani, akamfungua shingo ya shati na kumpangusa uso mpaka alipozinduka. Hakufikiri. Nani angefikiri? Wakati ule alikuwa na mimba ya miezi mitano.

"Na siku chache baadaye," akasema Fatai polepole, "mimba ikatoka."

"Shangazi, ile ilikuwa..."

"Najua ilikuwa nini, Daktari Siale alinieleza. Lakini baba yako alihesabu kwa hesabu za wazee. Mtoto aliyemshika baba kichwa hupatwa. Wewe ulimshika, ukapatwa. Alimwambia mume wangu kwenye duara la wanywaji kava, analia mbele za wanaume, kwamba ameua mjukuu wake kwa kichwa chake. Akaapa hutamgusa tena. Uili alipoondoka akaona, nikisema naumwa huyu atataka kunitazama. Ndipo akafunga mdomo."

Ile miaka yote ambayo Kalolaine alimlilia mtoto wake faraghani, akidhani baba amekwisha kusahau kwa kuwa hakulitaja hata siku moja, baba yake alikuwa akimeza damu na usaha ili asimdhuru tena. Alimpenda wakati ule mpaka ikamuuma, na alitamani kumtikisa mpaka meno yaliyolegea yaanguke yenyewe.

"Mbona hukuniambia?"

"Mambo ya mwili wa kaka yangu niyataje kwa mwanawe? Hata sasa nimekosa adabu, Mungu anisamehe." Fatai akajiinua kwa kishindo, maana alikuwa mama wa haja. "Niletee mkeka wangu wa kuvaa kiunoni, ule mzuri wa heshima. Na usiache hicho kifurushi, nitakila njiani."

* * *

Wodi ile ina madirisha ya vioo vya kulaza, yanayopitisha upepo na maneno. Fatai aliwekewa kiti barazani, nje ya dirisha la Saimone, akakaa ameligeuzia mgongo ili asimwone kaka yake kitandani. Wagonjwa wengine walinyamaza ghafla. Mmoja aliyekuwa akikoroma aliacha.

"Saimone."

Kitanda kikalia. Saimone alikuwa akihangaika kukaa wima na kujifunika shuka mpaka kidevuni.

"Dada," akasema. "Hapa si mahali pako. Mimi niko... siko katika hali."

"Nasikia siku hizi una kichwa kikubwa."

Mtu wa kitanda cha pili akakohoa.

"Nasikia kichwa chako kinaua watoto matumboni. Habari kubwa hiyo, mbona sikuletewa? Hebu niambie, Saimone, hapa kwetu uzazi wa watoto wako uko chini ya nani? Chini yako?"

Kila mtu pale alijua jibu, hata yule wa kukoroma. Ni shangazi ambaye akinung'unika, mwana wa kaka yake hapati mtoto au humpata kwa taabu. Ni shangazi anayeombwa radhi mimba ikisumbua. Baba hana sehemu hapo.

"Chini yako, dada."

"Sema kwa sauti, ulikuwa mwalimu wa kwaya."

"Chini yako!"

"Nikiudhika, ndiyo mimba haikai. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Haya. Siku ile ya mazishi, nilikuwa nimeudhika?"

"Sijui, dada."

"Hujui kwa sababu hukuniuliza. Nitakwambia." Hapo sauti ya Fatai ilibadilika, na Kalolaine, aliyekuwa amechuchumaa mlangoni, aliona mikono ya shangazi yake imeshikana kwa nguvu. "Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kaburi. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni ulipokuwa hujui kutembea. Niliona unaanguka, na miguu yangu ikataka kuja, na nikaikataza. Kaka yangu anaanguka, nami siruhusiwi kumshika. Ndipo nikamwona huyu mtoto amekudaka. Nikasema, asante Mungu, yuko mtu. Nilishukuru, Saimone. Sijawahi kushukuru hivyo maishani mwangu. Nilimbariki yeye na tumbo lake."

Mtu wa kitanda cha pili alijifuta macho.

"Basi niambie," akaendelea Fatai, "kama mimi mwenye nguvu hiyo nilibariki, wewe kichwa chako kiliipata wapi nguvu ya kulaani? Umeninyang'anya? Unataka na mikeka yangu pia?"

Saimone alikuwa akilia. Alilia kama wanaume wa huko wanavyolia, waziwazi, mabega yakitikisika, na dripu ikatikisika naye.

"Yule mtoto alikufa, dada."

"Alikufa. Watoto hufa, na sisi hatujui kwa nini, na inauma. Lakini hukumuua." Fatai akapangusa pua kwa kiganja. "Sasa sikiliza, maana sitarudia, nimekwisha kujiaibisha vya kutosha kwa mwaka huu. Huyu mtoto nilimpa jina mimi. Atakushika kichwa, na kinywa, na chochote Daktari Siale atakachosema kishikwe. Ni amri yangu. Kama kuna la kumpata mtu, lije kwangu. Mimi ni mzee, tumbo langu limekwisha kazi yake."

Saimone akajifuta uso kwa shuka. Kisha Saimone akasema, "Ndiyo, dada."

"Na mimi siondoki hapa mpaka amalize. Mtu aniletee chai."

* * *

Walimpeleka kwenye chumba cha meno kwa kiti cha magurudumu, Daktari Siale akiwa kando na dawa zake. Kalolaine alinawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu, kabla ya kuvaa glavu, alipiga magoti mbele ya baba yake.

"Tulou, baba," akasema, neno wanalosema wanapopita mbele ya mtu au kunyoosha mkono juu ya kichwa chake.

Saimone alitikisa kichwa kukubali, macho amefumba.

Hakuna njia ya kung'oa jino bila kushika kichwa. Mkono mmoja unashika koleo, mwingine unakamata taya, na kichwa cha mgonjwa unakibana kwenye ubavu wako kisiyumbe. Kalolaine alikuwa amewashika hivyo watu wa kisiwa kizima, walevi na wachungaji, bila kuwaza. Sasa alizungusha mkono wake kichwani mwa Saimone akakivuta taratibu kifuani mwake. Nywele za baba yake zilikuwa nyembamba na laini sana. Hakuwa amejua hilo.

"Fumbua, baba."

Akafumbua kidogo.

"Zaidi. Zaidi, baba, wewe ndiye uliyekuwa unatufokea kanisani tufungue midomo."

Siale akacheka puani, na Saimone akafumbua. Kalolaine akatazama. Fizi zilikuwa na rangi ya zambarau, zimevimba na kuachana na meno, ugaga umejikusanya chini yake kama matumbawe. Huku magego mawili yalikuwa yakielea tu. Kule lilikuwapo jipu dogo lililopasuka na kujifunga mara nyingi. Aliuona uchungu wa kila mlo wa miaka ile, mlo kwa mlo. Alichoma ganzi. Alingoja. Aling'oa la kwanza, likatoka bila ubishi.

"Limekwisha?" akauliza Saimone kwa ulimi mzito.

"Hilo limekwisha. Bado."

"Vipi huko ndani?" Fatai akapaza sauti kutoka nje.

"Anaendelea vizuri, shangazi!"

"Asipotulia niambie!"

Ilichukua siku kadhaa, kidogo kidogo, ili moyo usichoke. Meno saba yalitoka, yaliyobaki yalisafishwa mpaka kwenye mizizi. Kila siku Kalolaine alisema tulou, na kila siku Saimone alifumbua mdomo mapema kidogo kuliko jana. Siku ya mwisho alipokuwa akimfuta damu, kichwa bado kimeegemea ubavuni mwake, alihisi kimekuwa kizito. Baba yake alikuwa amesinzia. Alibaki amesimama vile, mgongo unamuuma, mpaka Siale alipoingia kuuliza kwa nini wagonjwa wengine wanangoja.

Homa ikashuka. Fizi zikakauka na kurudi rangi ya waridi. Wiki ya tatu Saimone alipanda ndege akiwa amevaa suti ya kwaya, Loni akamsindikiza, na Kalolaine akabaki kwa sababu kisiwa hakiwezi kukaa bila mtu wa meno. Siku ya kupasuliwa hakufanya kazi yoyote ya maana. Loni alipiga simu jioni: ametoka, kilango kipya kinafanya kazi, wapasuaji wamesema kinywa kile ni kisafi kuliko chao. Kalolaine alikaa kwenye kiti cha wagonjwa akalia mpaka akachoka.

Baada ya siku chache Saimone mwenyewe akapiga. Sauti ilipita kwenye mapengo, ikafanya mluzi kidogo.

"Kalo."

"Baba! Unaumwa?"

"Kifua. Kidogo. Wananiambia nitembee, wananifokea." Kalolaine akasikia anavyopumua, pumzi ndefu ambayo hakuwa nayo tangu zamani. "Nataka kukuuliza kitu. Sikuweza kuuliza kabla."

"Uliza, baba."

"Yule mtoto. Alikuwa wa kiume au wa kike?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Walimletea mikeka, walimwombea, walimwambia atapata mwingine, na hakupata, na hakuna aliyeuliza.

"Wa kike, baba."

"Wa kike," akarudia Saimone. Akalia kidogo, taratibu, kwa sababu ya mshono. "Nenda kwa shangazi yako. Mwambie namwomba ampe jina mjukuu wangu. Mwambie namwomba kwa adabu."

Kalolaine alifunga kliniki mchana kweupe, akaenda hadi nyumbani kwa Fatai bila kifurushi wala zawadi. Akamkuta pale pale mkekani. Akamfikishia ujumbe wa baba yake neno kwa neno, kama ulivyotumwa.

Fatai hakuinua macho. Alipitisha unyasi mmoja juu ya mwingine, akaukaza.

"Anaitwa Heilala," akasema. "Nilimpa jina siku ile ile alipozaliwa. Nilikuwa nangoja mniulize."